Saraka za biashara au Google? Nyota zangu kwa kila huduma, kwa kampuni ndogo inayopandisha wageni Kilimanjaro

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza websaiti za biashara ndogo, na kwa kuwa niko Moshi basi wateja wangu wengi ni kampuni za mlima, zile ndogondogo zenye ofisi chumba kimoja na gari la kukodi. Kila mmoja ana swali lile lile, mbona hatuonekani? Na karibu kila mmoja ameshawahi kutumiwa imeili na mtu anayeahidi kumsajili kwenye saraka mia tano, yani zile orodha za biashara za mtandaoni, kwa bei ya kirafiki, sasa wanadhani kuandikwa kwenye saraka na kutokea Google ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja kabisa, na tofauti yake inakula pesa za watu, ndo maana nimeamua kuandika hii rivyuu nizipime hizi huduma moja moja kwa nyota kama tunavyopima hoteli.

Mfano nitakaoutumia ni wa dada mmoja mwenye kampuni ya kupandisha wageni, jina la kampuni naliacha. Kabla hajaniita alikuwa analipia saraka moja ya biashara ya kimataifa, malipo ya mwaka kwa dola, inajirenew yenyewe kwenye kadi. Nikamuuliza, "dada, tangu ulipie, kuna mgeni hata mmoja aliyekwambia amekupata huko?" Akasema, "mdogo wangu, mimi nilijua ndo zinaleta Google."

Tukaifungua pamoja hiyo saraka. Jamani. Unaingia kundi la Afrika, unashuka Tanzania, unashuka utalii, unakutana na orodha imepangwa kwa alfabeti, mistari mia na kitu. Juu kabisa ni kampuni zinazoanza na A, A mbili, A tatu, watu walishajua mchezo wakabatiza kampuni majina kwa ajili hiyo tu. Ya dada inaanza na Kili, na kama unaijua Moshi unajua nusu ya mji inaanza na Kili, kwa hiyo yuko katikati ya Kili nyingine zaidi ya ishirini, maelezo yake sentensi moja ambayo ukiitoa ukaipeleka kwa jirani yake haibadiliki neno. Namba ya simu ya zamani. Linki inaenda ukurasa wa mbele peke yake. Hakuna picha, hakuna bei, hakuna jina la njia ya mlima popote, sio Lemosho wala Machame.

Na hapo ndo tofauti yenyewe ilipo, ningependa kila mwenye biashara aielewe kabla hajatoa hata mia. Saraka inaandika biashara. Wewe ndo unaomba, unachagua kundi, unajaza fomu, kuna mhariri anapitisha au pengine hakuna mhariri ni malipo tu yanapita, basi jina lako linakaa pale. Haisomi websaiti yako, haijui una ukurasa unaoeleza mvua za Novemba, haijui kama umebadilisha bei jana. Google haiandiki biashara, inasoma ukurasa. Roboti yao, Googlebot, inafuata linki kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, inasoma kilichoandikwa, inakihifadhi kwenye faharasa yao, halafu mtu akiuliza swali inatafuta ni ukurasa gani unajibu hilo swali. Ukurasa, sio kampuni. Kwa hiyo websaiti yenye kurasa ishirini zilizoandikwa vizuri kwenye saraka inapata mstari mmoja ila Google ina nafasi ishirini za kupatikana, na mtu anayezipata hajawahi hata kusikia jina lako, ameuliza tu Lemosho siku 8 ni bei gani ukatokea wewe.

Nisiwaonee saraka lakini, mana zilikuwa na maana yake na zilikuwa na heshima kweli. Yahoo yenyewe ilianza 1994 kama orodha ya tovuti iliyokuwa inapangwa kwa mkono na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Mwaka 1998 ikaja DMOZ, hiyo ilikuwa inahaririwa na watu wa kujitolea dunia nzima, bure, mhariri anafungua tovuti yako anaangalia kama ni ya kweli ndo anakuandika, na kuingia pale haikuwa rahisi. Google wenyewe walikuwa wanachukua data ya DMOZ wanatengenezea saraka yao. Yahoo walifika mahali wanachaji biashara dola 299 kwa mwaka na watu wanalipa, kwa sababu linki kutoka pale ilikuwa inahesabika, Google ilipima ukurasa kwa kuangalia nani anauelekezea linki, na saraka yenye mhariri makini ilikuwa shahidi mzuri. Ila wavuti ukawa mkubwa kupita mikono ya watu. Google wakafunga saraka yao 2011, Yahoo wakafunga ya kwao mwisho wa 2014, DMOZ ikazimwa Machi 2017, waliobaki wakaiendeleza kwa jina la Curlie mpaka leo. Mtu akikuuzia usajili wa saraka leo kwa maneno ya kwamba zinapandisha Google, anakuuzia hoja ya zama zile.

Na ni mbaya zaidi ya kuzeeka. Aprili 2012 Google walitoa badiliko wanaloliita Penguin, lililolenga tovuti zinazojipandisha kwa linki za kununua na za kutengeneza, na hizi saraka zilizofunguliwa kwa ajili ya kuuza linki tu zikaguswa moja kwa moja. Mpaka leo kwenye sera zao za spamu wameandika wazi kabisa kwamba linki kutoka saraka zisizo na ubora ni spamu. Sasa ile paketi ya saraka mia tano, hebu fikiria, mtu anachukua jina lako, namba yako, na sentensi ile ile moja anaimwaga sehemu mia tano ambazo hakuna binadamu anazifungua. Mara nyingi Google inazipuuza tu hizo linki, na hapo una bahati, umepoteza hela peke yake. Wenye saraka waungwana linki za kulipiwa wanaziwekea alama ya nofollow au sponsored kuiambia Google isizihesabu, ambayo ni sawa na ni halali, lakini basi wasikuuzie kwamba inakupandisha.

Kwa hiyo saraka za jumla za kulipia nazipa nyota 1. Hiyo moja ni kwa sababu walau jina na simu vipo hadharani na mtu akikutilia shaka anaweza kukuona. Zile za jumla za bure, za ndani ya nchi, ambazo unajaza mwenyewe, nyota 2 na nusu, jaza mbili tatu zinazofahamika, hakikisha jina, simu na anwani vinafanana herufi kwa herufi na vilivyo kwenye websaiti yako, halafu sahau uendelee na maisha.

Sasa Google, na hapa naongelea ile search ya kawaida pamoja na Search Console, ambayo ni bure na bado nashangaa jinsi watu wengi wenye websaiti hawajawahi kuifungua. Tuliiunganisha na websaiti ya dada, unathibitisha kwamba domeini ni yako, unawapa sitemap ambayo ni orodha ya kurasa zako zote, basi inaanza kukuonyesha watu waliandika nini Google mpaka wakakuona, mara ngapi ulitokea, mara ngapi walikliki na ulikuwa nafasi ya ngapi kwa wastani, na inatunza hizo data miezi 16. Hakuna saraka iliyowahi kunipa kitu cha hivyo. Saraka inakwambia "umetazamwa mara kadhaa", na nani, akitafuta nini, hakuna.

Tulichokikuta mle ndo kilibadilisha kazi nzima. Websaiti ilikuwa inatokea kwa jina la kampuni tu basi, yani anayeiona ni yule ambaye ameshaijua. Ukurasa mmoja wa mbele umejaa maneno ya karibuni Afrika na picha ya tembo, huduma zote zimerundikwa pamoja. Tukaivunja. Kila njia ikapata ukurasa wake: Marangu yenye vibanda vya kulala, Machame ya siku 6 na 7, Lemosho ya siku 7 na 8, Rongai ya upande wa Kenya, na kila ukurasa umeandikwa na yule anayepanda kweli, kaka wa dada ambaye ni mwongoza wageni mlimani, tulimkalisha akaongea mimi nikarekodi na simu: kambi gani ina upepo, siku gani wageni huumwa kichwa, kwa nini siku ya ziada inasaidia kufika kilele cha Uhuru, bei inajumuisha nini na haijumuishi nini. Ukurasa wa miezi ya mwaka peke yake, ukieleza kwamba Aprili na Mei ni mvua kubwa na Novemba ni vuli na watu bado wanapanda ila wajiandae vipi.

Halafu kuna kitu ambacho sikukiona kwa mshindani yeyote hapa mjini, ukurasa wa Kiswahili. Watu wanauliza kwa Kiswahili, bei ya kupanda mlima kwa Mtanzania ni shilingi ngapi, na majibu yaliyokuwepo ni machache na mengine ya zamani, wakati wazawa tuna viwango vyetu vya shilingi tofauti kabisa na vya dola. Tuliandika ukurasa mmoja tu wa hivyo, na ikikaribia tarehe 9 Desemba watu wanapotaka kupanda kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru unaona kwenye ripoti mstari unainuka kuanzia Oktoba. Saraka ya kimataifa ingemwandikia wapi huyu mteja wa kutoka Dar anayetaka kwenda na wafanyakazi wenzake kumi? Hakuna kundi lake.

Mabaya ya Google yapo na siyafichi. Hawana haraka na wewe. Unaomba ukurasa uingizwe kwenye faharasa, unangoja, unakuta wameandika wameupitia ila hawajauweka, sababu hawakwambii, na hakuna mtu wa kumpigia simu. Ukurasa wa Rongai ulikaa hivyo muda mrefu mpaka tulipouongezea maelezo ya kweli ya njia yenyewe, mana ulikuwa unafanana mno na wa Machame. Vile vile wanasoma toleo la simu la websaiti yako, ndo wanalolitumia kukupima, kwa hiyo kama websaiti yako kwenye simu ni nzito inakula bando la mtu na maandishi yanakatika pembeni, unaumia hata kama kwenye kompyuta inapendeza. Na juu ya matokeo kuna matangazo ya kulipia, kampuni kubwa zinakaa pale, wewe mdogo unaanza chini. Lakini matokeo ya kawaida hayauzwi, Google wanasema wazi hawapokei malipo kupandisha mtu kule wala kupitia tovuti yake mara nyingi zaidi, kwa hiyo mtu yeyote anayekupigia akisema yeye ni wakala wa Google anaweza kukuweka namba moja kwa malipo, kata simu. Nyota 4.

Google Business Profile, ile inayokuonyesha kwenye ramani na saa za kazi na maoni ya wateja, hiyo nimeiweka peke yake kwa sababu ni kama imekaa katikati, ni saraka kwa sura yake, unajaza fomu na kuchagua kundi, ila iko ndani ya Google yenyewe, na Google ndo inayoisukuma. Bure. Uthibitisho wa dada ulikuwa wa video, unarekodi bila kukata kuanzia barabarani, kibao cha ofisi, unaingia ndani, unaonyesha unavyofungua mlango na leseni ukutani. Shida kubwa ya huku kwetu ni anwani, tumezoea kuandika mkabala na benki fulani jirani na stendi, sasa tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mitaa mingi ina majina na namba, itumie hiyo hiyo kila mahali. Na ofisi ya kwenye ghorofa ya pili ambayo mtu haioni kutoka chini, weka pini vizuri mana mgeni akizunguka Double Road na begi mgongoni akakukosa anachukuliwa na vijana wa barabarani kabla hujajua. Maoni omba kwa wageni waliopanda kweli, siku ya kupokea vyeti wakiwa bado wana furaha, usinunue wala usijiandikie. Nyota 4 na nusu.

Sasa nirudi kwenye saraka, kwa sababu ipo aina moja ambayo ningeilipia na kuihangaikia kabla hata ya Google, nazo ni orodha za taaluma yako zinazochunguza watu kabla ya kuwaandika. Kwa biashara ya mlima mfano ninaouheshimu kuliko wote ni orodha ya kampuni washirika ya KPAP, ule mradi wa kusaidia wapagazi ulioanza 2003 na ofisi yao iko hapa hapa Moshi, wale wanaoazimisha wagumu, ndo tunavyowaita wapagazi huku, nguo za mlimani bure. Kuingia kwenye orodha yao ni mpaka wafuatilie unavyowalipa wagumu, wanakula milo mingapi, wanalala kwenye hema gani, mzigo hauzidi kilo 20. Mgeni mwenye dhamira anaanzia kule kabisa, anafungua orodha ndo anachagua kampuni tatu za kuziandikia, na wengine wakishakuona Google wanarudi kule kuhakiki kama upo. Hiyo orodha inamwambia mgeni kitu ambacho Google haiwezi kukijua kwa kusoma kurasa zako, mana kwenye kurasa kila kampuni inasema inawajali wapagazi. Dada ameanza mchakato na ameshabadilisha namna anavyolipa, kila mgumu anapokea mshahara wake mkononi na kusaini, na kwa maoni yangu hata orodha isingekuwepo hilo lilitakiwa lifanyike. Nyota 5. TATO, chama cha mawakala wa utalii, nao orodha ya wanachama wao ina uzito kwa wageni wanaoogopa matapeli, naipa 4.

Tripadvisor na SafariBookings hizo ni saraka pia ukizitazama vizuri, ila zina maoni ya wageni na kitafutio chao cha ndani, na jambo la maana zaidi ni kwamba zenyewe ziko ukurasa wa kwanza wa Google. Fanya hivi, chukua simu, andika swali ambalo mteja wako angeandika, angalia ni saraka zipi zinatokea kwenye ule ukurasa wa kwanza. Hizo ndo za kujisajili, kwa sababu websaiti yako changa haiwezi kuzipita leo wala kesho ila ukiwa ndani yake unaonekana kupitia kwao. Saraka ambayo haitokei popote kwa swali lolote la wateja wako haina watu, hata kama muonekano wake ni wa kupendeza na muuzaji wake ni mcheshi. Nyota 4 kila moja, nakata moja kwa sababu bila maoni ya wageni unakaa chini kabisa na kampuni mpya inateseka mwanzoni.

Ile ya dola dada aliizima. Tulihangaika kidogo mana kitufe cha kuzima malipo kilikuwa kimefichwa chini ya kurasa tatu za mipangilio, na kabla ya kuzima nilimwambia abadilishe kwanza namba ya simu ile ya zamani, kwa sababu wengi wao wanabaki na jina lako kwenye orodha hata ukiacha kulipa na hutaki mgeni apige namba ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Ile hela ikalipa picha za kambi alizopiga kijana wa hapa hapa mjini.

Na kwa wale wanaouliza Bing, kitafutio cha Microsoft, ndiyo fungueni, wana Webmaster Tools yao ya bure na inakubali kuchukua tovuti yako moja kwa moja kutoka Search Console bila kuanza upya, ni kazi ya dakika chache ukiwa unasubiri chai ichemke, na Yahoo search inatumia matokeo ya Bing kwa hiyo unapata na hao. Wageni kutoka huko ni wachache kuliko wa Google ila wapo, hasa watu wazima wa Marekani na Uingereza wanaotumia kompyuta ilivyokuja kutoka dukani, na hao ndo mara nyingi wanachukua Lemosho ya siku 8. Nyota 3 na nusu.